Risasi Laini za Mama Malaika

Mkono wa kulia wa Veneranda ulivunjika mwezi wa pili, mlangoni pa stesheni ya treni ya Akalla, Stockholm, kwenye barafu ambayo watu wote waliiona isipokuwa yeye. Mwezi wa sita madaktari wakasema umepona. Umepona! Sijui waliupima kwa kitu gani. Kushika sindano uliweza, na hiyo ndiyo kazi yake, kutoa watu damu maabara kuanzia saa moja asubuhi. Kukanda unga wa chapati uliweza pia. Ulikataa kitu kimoja tu, na ndicho alichokipenda: bastola.

Usishtuke. Veneranda si jambazi wala si askari. Ni mama wa miaka hamsini na mbili, mzaliwa wa Kamachumu, mke wa Deo fundi lifti, na kanisani kwao ndiye anayepanga maua. Miaka saba nyuma, mwenzake wa kazini alimwalika klabu moja ya kulenga shabaha, iliyoko msituni ng'ambo ya Akalla, naye akaenda kwa ajili ya adabu tu, kama mtu anavyokwenda kwenye arusi ya asiowajua. Akapiga risasi tano kwenye karatasi. Akarudi nyumbani kimya, wiki iliyofuata akaenda peke yake. Ile dakika ya kubana pumzi kabla ya kufyatua ndiyo dakika pekee ya wiki nzima ambayo hakuna aliyemwita na kichwa chake kilitulia. Aliipenda, basi. Hakuona haja ya kumweleza mtu.

Sasa tatizo lilikuwa teke. Bastola ikifyatuka hurudi nyuma kwa nguvu, na nguvu yote ile huishia kwenye kiganja na kifundo cha mkono. Mzee Mwaura, mwanachama mwenzake, aliiita teke, na kwa kuwa pale klabuni Waswahili walikuwa wawili tu, yeye na Veneranda, jina likapita bila kupingwa. Teke lenyewe liliuma, lakini maumivu mama huyu aliyazoea. Kilichomwangusha ni kwamba mkono ulishajua teke linakuja, ukawa unalikimbia mapema. Kabla hajafyatua, mtutu unainama kidogo tu, na risasi inakwenda kuzikwa kwenye mchanga chini ya shabaha. Mtu aliyekuwa akipata alama arobaini na nane kwa hamsini akawa anapata thelathini na tisa, na siku nyingine hata hizo hazifiki.

"Siogopi mimi," alimwambia Mzee Mwaura.

Mzee hakubishana. Aliipakia bastola ya Veneranda mwenyewe, akachomeka katikati risasi moja ya bandia isiyo na baruti, akamkabidhi. Ya kwanza ikalia, ya pili ikalia. Ya tatu ikasema tik, na mtutu ukachimba chini kama jembe, bila mlio wala teke lolote. Veneranda aliitazama bastola, akamtazama Mwaura, uso ukamwaka.

"Sawa, wewe huogopi," mzee akasema. "Ni mkono ndio unaogopa. Wewe na huo mkono mtaongea kwenu."

Zachariah Mwaura alikuwa Mkenya, mstaafu wa karakana ya treni, mkazi wa Norsborg. Kila Alhamisi na Jumapili alivuka mji mzima, kutoka mwisho wa laini nyekundu ya treni hadi mwisho wa laini ya bluu, aje kukaa kwenye chumba kisicho na dirisha. Ndiye aliyekuwa mtunzaji wa chumba cha kujazia risasi, na mawazo yake kuhusu mkono ule yalikuwa mafupi. Risasi za dukani zimejazwa kwa nguvu za kumridhisha kila mtu. Ukijaza zako mwenyewe, unaweza kutia baruti ya kipimo cha chini kabisa kinachoruhusiwa na kitabu, si chembe chini ya hapo, na teke likapungua mpaka mkono ukasahau kuogopa. Kwa mita ishirini na tano karatasi haijui tofauti.

"Na lazima usahau kabla ya Oktoba kuisha," akaongeza.

Hilo Veneranda hakuhitaji kukumbushwa. Leseni ya bastola yake ilikuwa inakwisha Desemba. Kuomba upya kulitaka barua ya klabu, na klabu yao haikuandika barua kwa mtu ambaye msimu huo hajapiga kadi moja kamili kwa bastola yake mwenyewe: mizunguko sita, risasi tano kila mzunguko, na usishuke chini ya arobaini na sita hata mara moja. Ukikosa, bastola inaondoka mkononi mwako. Nyumbani walishaizika tayari. Deo alisema sasa mkewe atapumzika, na Malaika, binti yao, akajibu kwa Kiswidi kwamba mama aende kucheza mpira wa kuangusha pini kama wamama wenzake. Veneranda alinuna siku mbili.

Basi wakaanza kujaza. Mzee alishamtetea mbele ya kamati, maana wawili watatu walisita kumruhusu mtu mwenye mkono mbovu kuchezea baruti. Sheria ya klabu ilikuwa kila mtu ajaze zake na apige zake. Mwaura alifundisha tu, mikono nyuma. Unachukua ganda la shaba lililokwisha kutumika, ulisafishe. Kwenye kitako unabana fataki, kile kidude kinachowasha baruti. Unapanga maganda hamsini kwenye trei, mistari mitano ya kumi kumi, midomo juu. Unamimina baruti, ganda baada ya ganda. Halafu unachukua tochi na kumulika ndani ya kila ganda, moja moja, ndipo uzibe kwa kichwa cha risasi. Na simu inabaki nje, kwenye kisanduku cha mbao mlangoni.

Kwa nini tochi? Kwa sababu ganda likikosa baruti, fataki peke yake ina nguvu ya kusukuma kichwa cha risasi hadi katikati ya mtutu, na hapo kikakwama. Ukifyatua nyingine nyuma yake, chuma kinapasuka mkononi mwako. Mwaura alikuwa na mtutu wa namna hiyo ameutundika ukutani kwa waya, umechanika ubavuni kama ganda la ndizi.

"Mwenyewe alikuwa mwerevu kuliko mimi," alisema. "Siku hizi anafunga vifungo vya shati kwa mkono wa kushoto."

Agosti nzima zile risasi laini zilifanya kazi yake. Arobaini na moja, arobaini na nne, arobaini na sita. Bastola ilimgusa tu kiganjani, kama mtu anayekugonga begani akuulize saa. Usumbufu ulikuwa mmoja. Lile teke lenyewe ndilo linalorudisha kitelezi, chuma cha juu cha bastola, ili kitupe ganda tupu na kuchukua risasi nyingine. Teke likiwa dogo, mara mojamoja kitelezi kinakwama njiani. Mwaura alimfungia springi laini zaidi, ikasaidia, lakini haikumaliza. Kwa hiyo Veneranda akajifunza: ikikwama, mkono wa kushoto unavuta kitelezi nyuma, kraak, unaachia, unaendelea. Kufikia Septemba mkono ule ulikuwa unavuta wenyewe, bila kumuuliza.

Ikaja Alhamisi ya mwisho, siku tatu kabla ya Jumapili ya kufunga msimu. Saa kumi na mbili jioni Veneranda yumo chumbani peke yake, Mwaura yuko nje anabandika karatasi za shabaha. Trei iko mbele yake, mistari mitatu na ushee imeshapata baruti. Na simu, badala ya kuwa kwenye kisanduku, iko kwenye mfuko wa aproni yake.

Najua. Lakini ilikuwa Alhamisi, na Alhamisi Ma Winifrida, mama yake Deo, akirudi kutoka jumuiya hupiga simu kutoka Kamachumu. Mwaka mmoja Veneranda alikosa simu mbili mfululizo kwa sababu ya zamu, na ujumbe ukamjia kwa kupitia shemeji aliye Mwanza: je, mkwe ana hasira na nani? Tangu siku ile hakukosa tena.

Simu ikaita. Veneranda akaweka chini kibaba cha baruti, akapiga magoti.

Ndiyo, magoti. Kwao mwanamke hamsalimii mama mkwe akiwa amesimama kama nguzo, na Veneranda, miaka ishirini na minne Stockholm, hakuona kwa nini simu ibadilishe jambo hilo. Alipiga magoti jikoni. Alipiga magoti kazini, chumba cha kubadilishia nguo. Siku moja alipiga magoti kwenye jukwaa la treni pale T-Centralen, Waswidi watatu wakainama naye wakidhani ameangusha hereni. Na usiseme mama mkwe haoni. Kila Alhamisi, baada ya shikamoo na marahaba, Ma Winifrida huuliza, "Umepiga magoti?"

"Nimepiga, Mama."

Yule bibi huguna. Veneranda siku zote aliuchukua mguno ule kuwa wa kuridhika.

Wakaongea. Ng'ombe amezaa dume tena. Mvua imewahi, kahawa iliyoanikwa itaoza. Paroko mpya anakimbiza misa kama mtu aliyeacha chungu jikoni. Deo bado anakohoa? Dakika kumi na moja, sakafu ya saruji, na meza iko juu ya kichwa chake, trei haionekani. Walipoagana goti moja lilikuwa limekufa ganzi. Akajivuta kwa ukingo wa meza, na papo hapo akasikia buti za Mwaura nje. Akaisukuma simu mfukoni, akachukua kibaba, akaendelea.

Mzee akaingia, akaketi kwenye kona yake. Veneranda akamimina mpaka ganda la mwisho, akaziba, akapanga risasi hamsini kwenye boksi.

"Umemulika?" Mwaura akauliza.

"Nimemulika."

Hakuwa anadanganya. Kila Alhamisi alikuwa amemulika, na mdomo ulijibu kwa mazoea.

Jumamosi mchana Deo alikuwa mezani anakula, kiherehere cha maneno kimemjaa kama kawaida yake. "Mama ananiambia juzi sauti yako ilikuwa na mwangwi. Ulikuwa bafuni?"

"Nilikuwa klabuni. Chumba cha kujazia."

"Na ukapiga magoti mle ndani?"

"Sasa ulitaka nifanyeje?"

Deo akaweka kijiko chini. Alicheka mpaka kikohozi kikamshika. "Kwenye sakafu ya baruti! Jamani, mke wangu. Siku ukilipuka nitawaambia nini watu, kwamba alikuwa anasalimia?"

Veneranda naye akacheka, maana Deo akicheka huwezi kumwacha acheke peke yake. Kisha kicheko kikamkatikia mdomoni. Aliposimama pale, alianzia ganda gani? Mstari wa nne, hilo alikumbuka. Lakini la ngapi? Na tochi. Tochi ilikuwa imening'inia kwenye msumari wake. Alijaribu kujiona akiwa nayo mkononi Alhamisi ile, na hakujiona.

Akaenda kulifungua boksi. Akaitikisa risasi moja moja sikioni, na zote zilisema neno lile lile, yaani hazikusema kitu. Akazipima kwenye mizani ya jikoni, lakini maganda yalikuwa ya viwanda mbalimbali, hili zito, lile jepesi, na baruti yenyewe ndogo mno. Hakuna alichojua zaidi ya alivyojua mwanzo. Ikabidi amweleze Deo.

"Mpigie Mzee Mwaura," Deo akasema. Hakuwa anacheka tena.

"Nitampigia."

Akaenda chumbani na simu, akaketi kitandani, akaitazama. Akimwambia, zote hamsini zitavunjwa, na chumba kimefungwa mpaka kesho, muda wa kujaza nyingine haupo. Kesho atapiga kwa risasi za dukani, mkono utakimbia, atapata thelathini na tisa, na bastola imekwenda. Tena mzee atajua kwamba simu ilikuwa mfukoni, baada ya kumtetea vile mbele ya watu. Aliona aibu. Na zaidi ya aibu, acha niseme ukweli, alikuwa anaitaka ile barua. Aliitaka kama mtoto anavyotaka kitu. Labda nilimulika, akajiambia. Labda hakuna hata moja tupu. Na kama ipo, nitaisikia.

Akarudi sebuleni. "Amesema hakuna neno," akamwambia Deo, na huo ndio uongo wa kwanza mkubwa aliomwambia mume wake kwa miaka mingi. Jioni akaenda misa ya Jumamosi, akapanga maua, hakusikia hata somo moja.

Jumapili kulikuwa na baridi kavu, majani ya miti yametapakaa njano kwenye njia ya kwenda uwanjani. Wapigaji saba walijipanga mstarini. Kushoto kwake, umbali wa kunyoosha mkono, alisimama mzee mmoja wa Kiswidi mwenye kofia ya sufu, ambaye kwa miaka saba hawakuwa wamesemezana zaidi ya hej ya salamu. Nyuma yake alisimama Mwaura na daftari.

Tano za majaribio zilikwenda salama. Alikuwa amevaa vifuniko vya masikio, lakini kila mlio aliusikiliza kama mama anayesikiliza pumzi ya mtoto mgonjwa. Mzunguko wa kwanza, arobaini na saba. Wa pili, arobaini na nane. Wa tatu, arobaini na sita kamili, akahema. Katika wa nne kitelezi kilikwama mara moja. Mlio ulikuwa sawa, teke lilikuwepo, mkono wa kushoto ukavuta, kraak, akaendelea, arobaini na nane. Wa tano, arobaini na saba. Mwaura hakuruhusiwa na sheria kusema, ila Veneranda alipogeuka alimwona akihamisha uzito kutoka buti moja kwenda nyingine. Mzee wa watu alikuwa anashindwa kutulia.

Ukabaki mmoja. Risasi tano.

Ya kwanza, katikati. Ya pili, karibu na hapo hapo. Ya tatu ikasema puf.

Kitelezi hakikusogea. Mkono wa kushoto ulishafika juu, ukavuta, kraak, ganda likaruka, risasi mpya ikaingia, kama ulivyofanya miezi miwili yote ile. Bastola ikarudi usawa. Shabaha nyeusi ikakaa juu ya mtutu, imetulia vizuri kuliko siku zote. Kidole kilikuwa kwenye kifyatulio na kilishaanza kukaza.

Mlio wenyewe haukumsaidia, nao ndio aliokuwa ameutegemea. Zile risasi zilikuwa laini mno, na masikio yameziba. Kati ya puf na mlio mdogo angeapa kwa lolote. Kilichomwambia ni kile kifundo kibovu. Hata iliyo laini kuliko zote humgusa mahali pale palipovunjika, kimwiba kidogo, kila mara, bila kukosa. Safari hii hakikumchoma. Mkono wake haukuguswa na kitu.

Akatoa kidole. Akaiweka bastola juu ya meza, mtutu ukielekea shabaha, akarudi hatua moja na kuinua mkono wa kushoto.

Msimamizi wa siku hiyo, mama wa Kiswidi mwenye sauti ya mwalimu wa mazoezi, alisimamisha mstari mzima. Akaja akamuuliza kuna nini.

"Nadhani mtutu umeziba," Veneranda akasema.

Wakachomoa magazini ya risasi, wakatoa risasi iliyokuwa imeingia, wakafungua. Mwaura akaleta ufito wa shaba, akauingiza, akagonga taratibu, tok, tok, tok. Kichwa cha risasi kikaangukia kiganjani mwake. Alikitazama kwa muda. Yule mzee wa kofia ya sufu alikitazama pia, kisha akatazama mahali alipokuwa amesimama yeye na mahali alipokuwa amesimama Veneranda, akaenda kuketi kwenye benchi.

Msimamizi alisikitika, lakini sheria ni sheria: hitilafu ya risasi uliyoijaza mwenyewe hairudiwi. Kadi ikaandikwa mizunguko mitano na nusu, ambayo kwa barua ni sawa na sifuri. Wenzake wakamaliza, wakafungasha.

Chumbani Mwaura alifunga mlango. "Mama Malaika. Ulijua?"

Angeweza kusema hapana, na mzee angemwamini. "Nilijua tangu jana. Nilihisi. Simu ilikuwa mfukoni, nikaongea na mama mkwe, nikapoteza mstari. Sikumulika."

"Tangu jana."

"Ndiyo, Mzee."

Mwaura aliketi. Hakufoka, na Veneranda alitamani angefoka. "Ungenipigia jana ningekugombeza nusu saa, halafu yangeisha. Simu nayo, ni makosa, kila mtu hukosea. Lakini umesimama pale asubuhi nzima na mimi niko nyuma yako. Yule mzee wa kofia ana bibi mgonjwa nyumbani, yeye ndiye anamlisha na kijiko. Ulimuuliza yeye kama anataka kubahatisha na wewe?"

"Nisamehe, Mzee Mwaura." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

"Nitakusamehe. Si leo."

Akafungua daftari la chumba, akaandika tarehe, kosa na adhabu: mwaka mmoja asiingie humo. Veneranda akatia sahihi. Halafu, kwa kuwa risasi haziachwi zikiwa na shaka, wakakaa kuzivunja zile kumi na saba zilizobaki. Kazi hiyo ina nyundo yake ya plastiki: unafunga risasi ndani, unagonga mezani, kichwa kinatoka, unamimina baruti kwenye kopo. Mwaura aligonga, Veneranda akamimina. Moja ina baruti. Ya pili ina. Ya saba, ya nane, ya tisa, zina. Ya kumi na mbili akaipindua juu ya kopo, na hakikutoka kitu.

Aliipiga kitako kwa kidole. Tupu, safi, unaona mpaka chini.

"Zilikuwa mbili," akasema.

Mwaura alilichukua ganda lile, akalimulika kwa tochi, taratibu, kama alivyomfundisha yeye. Akamrudishia. "Liweke," alisema. "Hilo ni lako."

Walipofika ya kumi na saba, simu ikasikika nje, ndani ya kisanduku cha mbao. Safari hii ilikuwa kisandukuni. Mzee alimwashiria kwa kidevu aende.

Alikuwa Ma Winifrida, siku isiyokuwa yake. Veneranda alisimama kwenye korido nyembamba, ganda tupu amelifumbata mkono wa kulia. Magoti yalitaka kukunjika yenyewe. Hakuyaruhusu. Sijui kwa nini. Nadhani siku ile hakuwa na nguvu ya kufanya kitu chochote kwa mazoea.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Deo amenipigia, ananiambia mambo ya baruti na sakafu, siyaelewi, anacheka na huku sauti ina wasiwasi. Umepiga magoti?"

"Hapana, Mama. Leo nimesimama."

Upande wa pili kitanda kikalia.

"Afadhali!" Ma Winifrida akasema. "Miaka ishirini na minne nakuuliza. Mwenzio nikikupigia nakuwa nimejilaza, miguu juu ya mto. Nauliza nikingoja useme hapana, nikwambie kaa kitako, sakafu za huko nasikia ni barafu tupu. Wewe kila siku nimepiga Mama, nimepiga Mama. Nikasema basi, huyu anapenda, nisimnyime."

Veneranda aliegemea ukuta. Kicheko kilianza na kilio kikakipita njiani. "Mama, mbona hukuniambia?"

"Na wewe mbona hukuniuliza?" Bibi akasikiliza. "Unalia. Kuna nini? Umepoteza kitu?"

"Nimepoteza, Mama. Tena karibu niumize watu. Na Deo nimemdanganya, bado hajui."

"Wewe mwenyewe je? Mzima? Mikono, macho?"

Veneranda alikifumbua kiganja cha kulia, akakitazama, vidole vyote vitano na lile ganda katikati.

"Mzima, Mama."

"Basi kaa kitako unieleze," Ma Winifrida akasema. "Kaa kabisa, unyooshe miguu."

Akaketi sakafuni, mgongo ukutani, akanyoosha miguu yote miwili, akaanza kumweleza tangu siku ya barafu.